Shingo Mbili Hadi Kwenye Maji

Mable wa Mwakingali alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, goti moja bovu, na ulimi usio na ubovu wowote. Soko la Voi lilimjua kwa kabichi zake na kwa maneno yake, na aliyekwenda kununua kabichi alirudi nyumbani na vyote viwili. Ukimsalimia alikuitikia vizuri, kisha alikuongezea habari za mwaka sabini na sita ambazo hukuziuliza.

Mwaka huo ndio alioupenda. Alikuwa ameolewa Wusi, huko juu milimani, na kila Jumanne na Ijumaa, jogoo la kwanza, yeye na wanawake wenzake wanane walijitwisha kabichi na karoti wakashuka kwa miguu hadi Mwatate, kulidiriki lori la Mombasa. Waliporudi walipanda na chumvi, mafuta ya taa na umbea wa tambarare. Ilikuwa kazi ya punda, yeye mwenyewe alikiri. Lakini walikwenda wakiimba, mmoja nyuma ya mwenziwe, na umande ukiwalowesha miguu. Alikuwa na hamu na njia ile. Hakuna namna nyingine ya kusema.

Basi mjukuu wake Shanice, aliyekuwa akikaa naye na kufanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja pale Voi, alipomwambia kwamba anapanga safari ya watu kumi na wanne wanaotaka kupanda milima ya Taita kwa miguu, kutoka Mwatate hadi Wusi, walale kwenye hema, kesho yake waende kilele cha Vuria, Mable aliweka kisu chini.

"Watu hao wamefukuzwa?"

"Hapana, nyanya. Wanatoka Nairobi na Mombasa. Wanapenda tu."

"Wanapanda na nini kichwani?"

"Hawabebi kitu kichwani."

"Basi hawajaiona njia," Mable akasema, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kung'aa.

Jioni ile walikaa mezani, Shanice na daftari na simu, Mable na bakuli la njegere za kumenya. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza ya Shanice kuipanga mwenyewe, na alitaka kila kitu kiandikwe: pa kuanzia, pa kupumzika, pa kupata maji. Maji ndiyo yaliyomsumbua. Mteremko ule ni mkavu, jua lake halina adabu, na mtu akipanda na hema hawezi tena kubeba maji ya siku nzima.

"Maji yako Kwa Ngata," Mable akasema. "Chemchemi. Haijawahi kukauka."

"Kutoka Wusi ni kilomita ngapi?"

"Shingo mbili."

Shanice alicheka hadi akaangusha kalamu. Mable hakucheka. Alimweleza kwamba wao hawakupima njia kwa kilomita, maana kilomita haziumi. Unajitwisha mzigo, unakwenda, na shingo ikishika moto unatua na kupumzika. Hiyo ni shingo moja. Ukijitwisha tena, ikishika moto mara ya pili, umefika kwenye chemchemi. Hapo hapakuwa na kunywa ovyo. Kila mmoja alizoa kwanza konzi moja ya majani na tope, akatupa kando, ndipo akanywa. Kisha wale wenye ngata za akiba, yaani zile pete za majani ya mgomba zinazowekwa utosini chini ya mzigo, walizitundika mtini kwa ajili ya mwenzao atakayefika yake imefumuka.

"Kwenye simu hapa ni pori tu," Shanice akasema, akiisogeza ramani kwa kidole. "Nyanya, una hakika?"

"Simu yako ilizaliwa lini?"

Neno hilo lingeishia hapo kama Derrick asingekuja. Derrick alikuwa mwana wa Mable na baba yake Shanice, mtu wa ofisi huko Mombasa, mpole, mwenye viatu visivyojua vumbi. Alifika Ijumaa, akasikia habari za safari, akamwita binti yake nyuma ya nyumba wakanong'one. Lakini Mable aliumwa goti, hakuumwa masikio.

"Ameunguza sufuria mara mbili mwezi huu," Derrick alikuwa akisema. "Juzi alishuka stendi akashindwa kukumbuka njia ya nyumbani. Mimi mwenyewe ananiita Mwandawiro. Unataka kupeleka watu kumi na wanne huko kwa maneno ya mtu aliyesahau jina la mtoto wake?"

Mwandawiro alikuwa marehemu mume wa Mable, na alikuwa na miaka kumi na moja kaburini.

"Labda ni uzee tu, dadi."

"Ndiyo maana nataka nimchukue tukakae naye Mombasa. Hafai kuwa peke yake na jiko wakati wewe uko kazini."

Mable alitoka jikoni akipangusa mikono. "Kesho twende tukaone. Kama maji hayapo, nitafunga virago vyangu mwenyewe, na kibanda changu cha sokoni nitamwachia anayekitaka. Yakiwepo, mtaniacha."

Asubuhi Derrick aliwapeleka Wusi kwa gari, wakaliacha kanisani, wakaanza kushuka. Baridi ya mlimani ilimpokea Mable usoni, na harufu ya moshi wa kuni na udongo mbichi ikamfanya asimame kidogo. Kisha alisikia maji yakichezacheza kwenye begi la mgongoni la Shanice. Mtoto alikuwa amebeba dumu la lita kumi. Hakumwambia, lakini dumu lilisema lenyewe: hata yeye hakuwa akiamini. Hilo lilimuuma Mable kuliko mnong'ono wa jana.

Na wala hawakufika mbali. Pale njia ilipokata kushoto, palipokuwa na nyumba ya rafiki yake Mkamburi, sasa palikuwa na duka la mabati. Mti mkubwa wa mringa waliokuwa wakipita chini yake ulikuwa umekatwa, hata kisiki hakikuwepo. Upande wote wa mlima ulikuwa mikaratusi, mstari kwa mstari, yote inafanana. Mable alisema ni huku, wakaenda, wakagonga ua wa mtu. Akasema basi ni kule, wakaenda, wakafika korongoni. Mara ya tatu alikaa juu ya jiwe.

Hofu ilimshika, hofu ya kweli. Alijiuliza kama Derrick anasema kweli, kama wanawake wale na nyimbo zao aliwaota tu siku moja akiwa na homa. Kati ya wale tisa, wanane walikuwa wamekufa. Hakuwa na shahidi hata mmoja.

"Mama, turudi," Derrick akasema kwa upole. "Si neno."

Afadhali angemtukana. Mable alivua leso mabegani afute uso, na alipokwisha kufuta, mikono yake ikaendelea. Iliikunja leso, ikaisokota, ikaizungusha, ikachomeka ncha ndani. Alipotazama mapajani mwake aliona ngata, imekaza, duara kamili. Hakukumbuka kuifunga.

"Shanice," akasema, "lete hayo maji uliyonificha."

"Nyanya, ni mazito!"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wa kale, lakini Shanice alikuwa ameubeba huu tangu kanisani na alijua si usufi. Akamtazama baba yake.

"Mama, na goti?" Derrick akauliza.

"Tangu lini goti likabeba? Kinachobeba ni kichwa. Nitwisheni."

Wakamtwisha. Shingo ikanyooka yenyewe, mgongo ukaifuata, na macho yakainuka. Hapo ndipo Mable alipogundua kosa lake. Asubuhi yote alikuwa akitazama chini, akitafuta nyumba za wafu na miti iliyokatwa. Mwanamke mwenye mzigo hatazami chini, hawezi. Anatazama mbele, mbali, na miguu inajitunza. Na huko mbali, juu ya tambarare, Mlima Kasigau ulikuwa umekaa palepale alipouacha. Huo hakuna aliyeweza kuukata. Aliuweka kwenye bega la kushoto, kama zamani, akaenda.

Alikwenda polepole, mkono mmoja kwenye fimbo, katikati ya mikaratusi kana kwamba haipo. Derrick alimfuata karibu, mikono ameikunjua tayari kumdaka. Shingo ilipomchoma mara ya kwanza walikuwa kwenye jiwe pana, bapa, na Mable akasema, "Nitueni," akalipiga jiwe kofi la mapenzi.

"Lakini ule mzigo wenu ulikuwa mkubwa kuliko huu," Shanice akasema. Sasa alikuwa ametoa daftari. "Shingo ya leo ni sawa na ya zamani kweli?"

"Mzigo umepungua, shingo imezeeka. Vimekutana katikati."

Wakamtwisha tena. Mikaratusi ikaisha, kichaka kikaanza, goti likaanza kulalamika na Mable akalinyamazisha kwa wimbo wa Kidawida, lugha ya kwao, ambao Derrick hakuwa ameusikia tangu akiwa mdogo. Kisha wimbo ukakatika. Mable alisimama. "Hapa."

Hapakuwa na kitu. Mawe mawili, miiba, na katikati shimo dogo limejaa majani makavu. Derrick aliyatazama majani, akamtazama binti yake. Wakamtua. Mable hakuwasubiri. Alipiga magoti, lililo zima na lililo bovu, akazoa konzi ya majani akatupa kando. Akazoa nyingine. Shanice naye akainama. Chini ya majani makavu palikuwa na majani meusi, chini ya meusi tope, na tope lilikuwa baridi kama maji ya mtungini.

"Sasa acheni," Mable akasema. "Likae."

Walingoja. Ndege mmoja alilia kichakani, akanyamaza. Ndipo pembeni mwa shimo, chini ya jiwe, kitu kikang'aa, kikatambaa, kikajaza alama ya vidole vya Mable. Kilikuwa cheusi kwanza, kisha kahawia. Shanice alipiga kelele, akamkumbatia nyanya yake kwa mikono ya tope, kisha akatoa simu aweke alama ya mahali pale kabla hapajapotea tena. Mable alilia bila kujificha. Aliwalilia wale wanane, na alilia kwa sababu hakuwaota.

Habari ya Mombasa hakuna aliyeitaja. Maji yalipoanza kuwa meupe Derrick alisogea, akachutama kwa uangalifu asichafue viatu, akanyoosha mkono ayateke.

Mable akaudaka mkono ule. Alimtazama kwa uso wa msichana wa mwaka sabini na sita, uso ambao Derrick hakupata kuuona hata siku moja.

"Mwandawiro," akasema, "hunywi kabla hujazoa."

Derrick alifungua kinywa amsahihishe, kama kawaida yake. Akakifunga. Akapandisha mikono ya shati, akapiga magoti topeni pamoja na viatu vyake, akaingiza mkono shimoni hadi kwenye kiwiko.

"Naam," akasema.