Samaki wa Mama Mwajuma

Siku ile ya mtoni mimi huikumbuka kila mara mtu wa nyumba hii anapofunga mzigo, na leo mzigo ni wa kwako. Endelea kufunga, mwanangu, masikio hayana kazi. Unashuka kaskazini kukausha samaki, kama nilivyoshuka mimi nikiwa na umri wako. Sitakuambia haraka haraka haina baraka. Hiyo unaijua toka shule, hata mimi niliijua, na haikunisaidia kitu.

Wakati ule, maji ya Lualaba yakianza kupungua, sisi wasichana wa Kasongo tulipanda balenieri, ile mashua kubwa ya mbao yenye injini, tukashuka kupita Nyangwe mpaka mji mmoja mdogo wa wavuvi. Mji gani ule! Njia moja, moshi kila mlango, na mbu wasio na dini. Wiki ya kwanza nililia kila nilipokula, maana hata sombe yao, mboga ile ya majani ya muhogo, haikuwa na ladha ya mama. Aliyenipokea ni Mama Mwajuma, mjane wa mtu wa hapa Kasongo. Alinipa mkeka, akanipa kazi, na malipo yangu yalikuwa sehemu ya samaki wa kila chanja, niliowaweka katika kitunga changu. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi alinipa kuni siku ileile.

Mwisho wa msimu, Mama Mwajuma alikuwa anajiandaa kuja Kasongo kwenye hitima ya mume wake. Mawifi zake hawakumpenda. Walisema huyo ni mwanamke wa mtoni tu, atakuja mikono mitupu. Kwa hiyo alitaka kufika na vitunga viwili vya samaki wakavu, alishe watu wote, aheshimiwe hata siku moja. Akapanga kambare wake wa mwisho juu ya chanja, akaniambia:

"Mutoto wangu, siku tatu. Moto mudogo, moshi mwingi. Unawageuza, unawageuza tena."

Kisha akavuka ng'ambo kuaga jamaa zake.

Kesho yake Mzee Ramazani, nahodha wa balenieri, akapita akitangaza kwamba anaondoka asubuhi inayofuata. Mashua nyingine ingekuja baada ya siku nne, na hitima ilikuwa bado mbali. Haraka ilikuwa yangu peke yangu. Idi ilikaribia, nguo yangu mpya ilikuwa kwa fundi, na kulikuwa na kijana mmoja hapa mjini. Usicheke, ni babu yako.

Nikaongeza kuni, kubwa na kavu. Mafuta ya kambare yakalia motoni, ngozi ikawa nyekundu inang'aa. Ukiwatazama ungeapa wamekauka. Asubuhi Mama Mwajuma aliporudi, alinikuta nimeshafunga vitunga vyake kwa majani ya migomba. Akachungulia.

"Ee! Wamekauka upesi hivi? Mikono yako iko na baraka. Basi twende leo."

Nami nikacheka tu. Mwanangu, ningeweza kusema. Mashua ilikuwa bado imefungwa, na chini ya chanja makaa yalikuwa bado mekundu. Nikacheka, nikabeba mzigo.

Siku ya pili ya safari, jua kali, harufu ikaanza. Mzee Ramazani akamwachia mwenzake usukani, akaja akiifuata pua yake. Akafungua kitunga cha Mama Mwajuma, akavunja kambare mmoja. Nje mkavu, ndani nyama mbichi na funza. Akavunja wa pili, wa tatu, hali ileile. Halafu mzee yule, Mungu amrehemu, akafungua kitunga changu, akavunja mmoja. Mkavu mpaka mfupani. Maana wale wa kwangu, msimu mzima, niliwakausha siku tatu kamili.

"Kumbe kazi unaijua," akasema.

Nilitamani mto unimeze. Mama Mwajuma aliwatupa samaki wake majini mmoja mmoja, machozi yakimtoka, na mimi sikuthubutu hata kumsaidia. Alipomaliza akanigeukia.

"Samaki ni samaki tu. Lakini nilikusifu, na weye ukacheka. Ungeniambia, 'Mama, bado,' tungewarudisha motoni, tungengoja mashua nyingine. Mbona uliniogopa? Nilikupiga siku gani?"

Nikasukuma kitunga changu mbele yake, jasho langu la msimu mzima. Alikipokea. Hakusema aksanti, wala sikustahili.

Siku ya hitima nilikwenda kumwoshea vyombo. Watu wakala, wakaomba tena. Wifi yake mmoja, mwenye ulimi mkali kuliko wote, akauliza ni nani amekausha samaki watamu hivi. Mama Mwajuma akaniita, akanishika mkono wenye masizi ya sufuria.

"Ni huyu mutoto wangu. Kazi anaijua."

Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikalia kwa kwikwi. Idi yenyewe siikumbuki, na nguo mpya sikumbuki ilikuwa ya rangi gani. Nilirudi kwake misimu saba.

Basi funga na hili mzigoni. Ugenini utakosea, kila mtu hukosea. Lakini ukisifiwa kwa kazi ambayo moyo wako unajua haijaiva, fungua mdomo palepale, kabla mashua haijafunguliwa. "Bado" ni neno fupi, halijaua mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliumbuliwa na harufu. Mali ya mwenzako ipe moto uleule unaoipa yako. Na siku moja ukimkuta msichana amekosea kama mimi, mkaripie mashuani, lakini mbele ya mawifi msitiri.

Haya, lete kichwa chako hapa. Mungu akutangulie mtoni, akupe mwenyeji mwenye moyo kama wa yule mama, akurudishe kwetu mzima na mikono safi. Na ukirudi niletee kambare mmoja. Nitamvunja mbele yako.