Cheti cha Bi Time

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla ya saa nne. Nilikuwa mkalimani wa ofisi ya wilaya, Chake Chake, kijana mwenye kanzu mpya na Kiingereza cha skuli. Mzee mmoja wa Micheweni aliulizwa kama anamjua jirani yake, akajibu, "Simjui." Nikamweleza Bwana DC kwamba mzee anamjua sana, ila wamegombana. Karani mkuu, Mhindi wa sauti ya chini, akanivuta barazani.

"Nani kakuuliza maana?" akasema. "Alichosema mzee ndicho utakachosema. Usizidishe, usipunguze. Chumvi katie mchuzi kwenu."

Nilijifunza, tena nikajifunza vizuri mno. Baada ya miaka michache nikahamishiwa Wete, zamu moja kwa Bwana DC na zamu nyingine kwa daktari. Huko ndiko nilikoijua sheria ya wendawazimu. Mtu hakuweza kupelekwa hospitali ya vichaa Unguja kufungiwa kwa neno la jamaa zake tu. Sharti kwanza daktari ampime na kujaza cheti, kisha Bwana DC atie saini amri ya kumpokea. Cheti kilikuwa na sehemu mbili: mambo aliyoyashuhudia daktari mwenyewe, na mambo aliyosimuliwa na wengine. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa na uzito. Kwa maandishi ilikuwa sheria nzuri, imewekwa ili watu wasifungiwe kwa chuki. Lakini daktari hakujua Kiswahili. Yote aliyoyashuhudia mwenyewe yalipita kinywani mwangu.

Bi Time aliletwa kutoka Shumba na mumewe pamoja na sheha wa kijiji. Alikuwa amezika mtoto wake mkubwa, na tangu hapo hapiki, halali, na siku moja alimrushia mke mwenzake mchi wa kinu. Pajani alimpakata mtoto mchanga wa kike, bado ananyonya. Kwa macho yangu alikuwa amechoka na msiba, basi.

Daktari akauliza: yupo anayezungumza naye ambaye wengine hawamwoni?

"Yupo," akajibu Bi Time. "Kanijia tangu ni mwari, nimemrithi kwa bibi yangu. Siku hizi kakasirika, hapati haki yake."

Pemba nzima jibu hilo lisingemshtua mtu. Mama yangu mzazi alikuwa na shetani wake wa kurithi, akimfukizia udi na kumlalamikia kama mtu amlalamikiavyo wifi. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni: Bwana Daktari, ndivyo watu wa huku wanavyosema, hata wenye akili timamu. Nikaimeza. Nikatafsiri neno kwa neno, sawasawa kabisa, na kalamu ikaandika.

Bi Time akanigeukia. "Ushamwambia?"

"Nimemwambia, Bi Time."

"Yote?"

"Yote uliyosema."

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Wiki ile ile alipakiwa melini. Mtoto akabaki kwa dada wa Bi Time, Bi Mkasi, ambaye alimlea kwa maziwa ya mbuzi.

Sheria iliruhusu jamaa kuomba mgonjwa wao aachiwe wakiahidi kumtunza, na Bi Mkasi alikuja kwangu nimwandikie ombi. Nikaandika. Jibu likaja kwamba mgonjwa bado anasikia sauti. Mwaka uliofuata nikaandika tena, likaja jibu lile lile. Kila walipomuuliza, Bi Time aliwajibu kweli.

Mara ya tatu nilimwambia Bi Mkasi, "Ukienda kumtazama, mwambie akane. Aseme hakuna kitu. Watamwachia."

"Weye, baba, umesahau kwenu? Shetani wa kurithi akikanwa, humrudia mtoto. Time hakani, na mwanawe yu hai." Akajifunga kanga yake akaondoka.

Basi nikayaelewa mambo yalivyo, na sikuyapenda. Mwanamke yule alikuwa akijifungia mwenyewe mlango ili mwanawe awe salama, na wakubwa wakiandika kuwa hana akili. Nami nikapanda cheo kwa sababu ya usahihi.

Miaka ikapita. Akaja daktari mwingine, na siku moja akaletwa mwanamke mwingine, na swali likawa lile lile. Sikuwa shujaa siku hiyo. Nilikuwa nimechoka tu, na yule karani mkuu wa Chake Chake alikwisha kurudi kwao. Nikatafsiri jibu, kisha nikaongeza ile sentensi. Daktari akaweka kalamu chini, akaniuliza maswali mawili matatu, akamruhusu mama wa watu aende zake. Haikufika hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kesho yake nikamweleza daktari habari ya Bi Time. Akaandika barua Unguja, na baada ya miezi kadhaa Bi Time akarudishwa.

Nilikwenda bandarini. Alishuka mwembamba, nywele nyeupe. Mtoto alikuwa msichana wa kwenda chuoni kusoma Kurani, amejificha nyuma ya Bi Mkasi, hamjui mama aliyemzaa. Bi Time hakumlazimisha. Aliniona mimi, akanijua papo hapo.

"Mwamkie baba yako huyu," akamwambia mwanawe, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake. "Siku ile mie sina mtu, ndiye aliyenisemea."

Mtoto akanipa mkono. "Shikamoo." Nikaitikia marahaba.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Kila Ramadhani mkungu wa ndizi hufika kwangu kutoka Shumba, na mke wangu huzipika kwa nazi. Wageni huzisifu sana. Mimi sizigusi; hufuturu kwa tende na maji.