Nukta Niliyoifuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hadubini. Mkuu wa Maabara, mzee mkali mwenye kalamu tatu mfukoni, alinikabidhi penseli na kunisimamisha mbele ya karatasi ya miraba iliyobandikwa ukutani. Mimi, binti niliyeteremka Babati kutoka Mbulu na cheti changu na viatu vipya, nikanuna.

"Shikamoo, mzee. Hadubini iko wapi?"

"Marahaba. Kwanza jifunze hii."

Nyie wajukuu mnaosomea maabara, nisikilizeni. Kila asubuhi, kabla ya kugusa damu ya mgonjwa, tulipima damu ya udhibiti, yaani ile ambayo kiwango chake tulikijua tayari. Jibu lake tuliliwekea nukta kwenye chati. Katikati palikuwa na mstari wa kiwango chenyewe, na juu yake na chini yake mistari ya onyo. Nukta ikivuka onyo, jibu la mgonjwa halitoki.

"Ikikuonya usibishane nayo," Mkuu alisema. "Tafuta sababu."

Miaka hiyo ya themanini hali ilikuwa ngumu, jamani! Sukari kwa foleni, mafuta ya taa kwa bahati, sabuni ndiyo usiseme. Mirija ya kupimia tuliiosha kwa majivu na kuisuuza mara tatu. Halafu siku moja Mama Neema, mwosha vyombo wetu, akaingia na mche wa sabuni kichwani, anacheza. "Imefika dukani! Imefika!" Tulipiga vigelegele. Hata Mkuu alitabasamu.

Asubuhi iliyofuata nukta yangu ikaruka juu ya mstari wa onyo. Nikarudia kupima kwa mrija mwingine, mara hii ikakaa katikati. Basi nikaifuta ile ya kwanza, nikaweka ya pili, nikaendelea na kazi huku naimba. Ujinga ule! Kurudia mpaka jibu likupendeze siyo kupima, ni kujidanganya.

Siku hiyo nilipima damu ya Mama Safari wa Singe, mjamzito ambaye mtoto wake alikuwa amekingama tumboni. Jibu langu lilisema damu inamtosha. Daktari akapanga kumpasua kesho yake saa nne, na kaka yake aliyekuja kutoa damu akaambiwa aende zake.

Kesho yake nukta ikavuka tena, juu vilevile. Ningefuta tena, nani angejua? Lakini nilimfikiria yule mama, nikashindwa.

"Mzee, hata ya jana ilivuka. Niliifuta."

Mkuu alikuwa anakunywa uji. Kikombe kikasimama njiani. "Jana ulimpima nani?"

"Mama Safari."

"Kimbia!"

Nilimkuta daktari ananawa mikono. "Daktari, subiri! Jibu langu halifai." Aliudhika, lakini alisubiri.

Tuliinua mirija kwenye mwanga, tukaona mingi ina ukungu. Mama Neema alikuwa ameipaka sabuni kwa furaha yake yote, bomba likakata maji, akasuuza mara moja tu. Mashine yetu ilipima mwanga unaozuiwa na damu. Ukungu nao ulizuia, ikasoma damu nyingi kuliko iliyokuwepo.

"Nimeua mtu kwa sabuni!" alilia Mama Neema.

"Hujaua mtu. Suuza," alisema Mkuu.

Tulipopima upya kwa mirija safi, nukta ilirudi katikati, na damu ya Mama Safari ilikuwa chini mno. Mkuu mwenyewe alipanda baiskeli hadi Maisaka, alikolala kaka wa mama huyo.

"Jana mlinifukuza, leo mnanikamata!" kaka alicheka huku akikunja shati. Mchana huo mtoto wa kike alilia mpaka tukamsikia maabara, tukakumbatiana hovyo hovyo.

"Sasa irudishe nukta ya jana," Mkuu aliniambia. "Kwa wino. Na sababu uiandike."

Leo nimestaafu, na chati inachorwa na kompyuta. Vijana wakiniuliza siku niliyoifurahia kuliko zote, wanadhani ni ile ya kuagwa, kwa keki na kanga. Wapi! Ni siku niliyokwenda wodini kumwomba radhi Mama Safari.

"Mimi ndiye niliyekosea kipimo chako," nilimwambia.

"Na nani alimzuia daktari?"

"Mimi huyo huyo."

Akaniwekea mtoto mikononi. "Basi nishikie, nipate kulala."

Akageukia ukutani, akalala fofofo.