Fundo la Nyasi Kwa Bibi

Harufu ya petroli ikichanganyika na tope bichi hunirudisha kwenye boti ya wageni, mvua za kwanza zilipokuwa zikilegeza ardhi ya bonde la Kilombero. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wazungu wawili walikuja Ifakara kwa siku tatu kuvua kwa ndoano samaki mkubwa mwenye meno kama msumeno, wakamkodi baba awaongoze, kwa kuwa hakuna aliyeujua mto kama yeye. Mimi nilikaa mbele na upondo, nikipima kina na kutaja mchanga ulipo. Baba aliniachia kazi hiyo peke yangu, nami nikajiona nahodha.

Siku mbili zikapita bila kitu. Dereva wao Kasimu, kijana wa Kidatu aliyekuwa pia mkalimani, akaanza kumtania baba, akiuliza kama samaki wote wamehamia kwao kukata miwa. Baba alicheka naye. Mimi sikucheka. Iliniuma kuona anageuzwa kichekesho mbele ya wageni, hasa kwa kuwa nilijua samaki walipo, na yeye alijua.

Walikuwa Kwa Bibi, mkono mwembamba wa mto ambao ukoo wetu uliulinda. Mvua zikianza, samaki wenye mayai hupita pale kwenda kuzaa kwenye mbuga iliyofurika. Baba alichomeka mti mdomoni pa mkono ule, akaufunga fundo la nyasi. Hapakuwa na askari wala faini. Mvuvi aliyeliona fundo aligeuza mtumbwi. Aliyelifungua, samaki wakishazaa, ni mtu wa nyumba yetu tu, na likishafunguliwa, mto ni wa wote mpaka mwaka mwingine.

Siku ya tatu Kasimu akarudia. "Mzee, au tuwaambie wageni mto huu ni wa kuogea tu?"

"Kwa Bibi wamejaa," nikasema.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Baba hajafumbua mdomo, Kasimu alishatafsiri, na wageni wakaanza kukusanya ndoano zao. Baba aliniangalia. Angeweza kukataa, lakini nadhani alisubiri niseme nimekosea. Sikusema.

"Umeshawaita," akasema. "Basi kafungue mwenyewe."

Nikafungua. Nyasi zilikuwa bado mbichi. Walivua samaki wanne wenye matumbo yaliyotuna, wakapiga nao picha, na mayai yakamwagika kwenye sakafu ya boti. Niliyaosha kwa ndoo. Kesho yake tulikuta nyavu zimeziba mkono ule kutoka ukingo hadi ukingo. Baba aliwasogelea wenye nyavu ili awazuie. Mmoja wao, mtu mpole tuliyesali naye, akavua kofia. "Shikamoo, mzee. Jana mwanao kafungua. Sisi tumefuata."

Baba aligeuza mtumbwi. Mwaka uliofuata alifunga fundo tena, wakalipita kana kwamba ni nyasi tu. Mwaka wa tatu hakulifunga. Hakunichapa wala kunigombeza, na mpaka tunamzika sikuwahi kumwomba radhi. Nilisoma hadi sekondari, nikajifunza maneno mengi, lakini hilo moja halikunitoka.

Leo Kwa Bibi ni mfereji wa tope. Mpunga umelimwa hadi ukingoni, na ng'ombe wanakunywa palipokuwa na kina cha upondo mzima. Watu husema ni mashamba, wengine mifugo, wengine mvua. Huenda. Mimi naujua mkono ulioanza. Mwaka juzi, kwa upumbavu wa uzee, nilichomeka mti palepale nikafunga fundo. Niliporudi siku ya tatu fundo lilikuwapo, na juu yake kimeanikwa chandarua kilichonasa visamaki visivyofika urefu wa ukucha. Mama mmoja kijana alikuwa akivikung'utia kwenye beseni. Aliniamkia kwa adabu, akaniuliza kama ni mimi niliyechomeka mti ule. Nikakubali.

"Asante, babu," akasema. "Tulikuwa hatuna pa kuanikia."