Aliyemvisha Kabagwira

Raihana alikuwa mdadisi tangu utotoni, na ushonaji ukamzidishia. Ukimpelekea suruali ya kupunguza kiuno, kabla hajagusa sindano atakuwa ameshajua kilichokukondesha na harusi unayoiendea ni ya nani. Pale Biryogo, mtaa wa Waislamu na mafundi cherehani katikati ya Kigali, watu walishamzoea. Walimjibu tu ili wapate nguo zao mapema.

Kazi iliyomteka zaidi ilianza mwaka 1991. Bwana Rutayisire alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji kilichoishi kwa kadi za harusi. Vita vilipoanza huko kaskazini, harusi zikapungua, naye akaona asikae bure. Akaanza kuchapa vitabu vya katuni. Mchoraji wake, Jean-Berchmans, mtu mpole asiyeweza kumtazama mwenzake usoni, akamzua Kabagwira: mwanamke mchuuzi anayedandia malori kwenye stendi ya Nyabugogo, anakutana na matapeli kila aendako, anawashinda kwa ulimi, na katika ukurasa wa mwisho, liwe liwalo, anarudi nyumbani. Maneno yaliandikwa kwa Kinyarwanda, na chini yake Kiswahili kwa ajili ya madereva.

Rutayisire hakutosheka na karatasi. Alitaka Kabagwira wa kushikwa mkononi, na Raihana ndiye aliyepewa kazi ya kumtengeneza: waya ndani, sponji juu ya waya, na mabaki ya vitambaa kuwa nguo. Wanasesere hao walitangulia kufika Nyabugogo wiki moja kabla ya kitabu, ili watu waone vazi jipya na wabaki wakijiuliza limetokana na nini. Basi ikawa wazimu mtupu. Madereva waliwapanga kwenye dashibodi, wake zao wakawapanga juu ya redio, na aliyekosa Kabagwira wa koti la njano alimbembeleza jirani yake hadi jirani aone aibu.

Siku moja kitambaa chekundu kilimwishia Raihana. Katika michoro ya awali aliyopewa, Kabagwira alivaa gauni jekundu. Yeye akamvisha la kijani, akanyamaza. Kitabu kilipotoka alikifungua palepale. Kabagwira alikuwa ndani ya lori, akimweleza abiria mwenzake kwamba gauni lake jekundu limeibwa kambani, ndiyo maana amevaa la kijani!

Udadisi ukampanda kichwani. Ilikuwa bahati tu, au mchoraji yule alikuwa akifuata ushonaji wake? Toleo lililofuata alimfunga mwanasesere kitambaa kidoleni, kidonda kisichokuwepo popote kwenye michoro. Jean-Berchmans akatunga kurasa nzima kuhusu mbuzi wa wizi aliyemng'ata Kabagwira kidole. Raihana alicheka peke yake hadi sindano ikamponyoka. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Yeye alitangulia, mwenzake akafuata, na kila mmoja alijifanya hajui.

Mwanzoni mwa 1993 Rutayisire alikuja mwenyewe dukani, mkononi kitambaa cheupe.

"Raihana, mara hii unashona nguo nyeupe, ya maziko. Kabagwira anakufa. Watu watagombania huyu wa mwisho, utaona. Halafu tunaanza mwingine, mucheza mpira."

"Anakufa na nini, patroni?"

"Lori inapinduka."

Raihana alipokea kitambaa kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mume wake alikuwa dereva. Aliondoka na lori kwenda kaskazini mwezi ule ule vita vilipoanza, na tangu hapo hakuna aliyemletea habari wala maiti. Raihana hakuwa mjinga. Alijua Kabagwira ni waya na sponji. Lakini kwa miaka miwili alikuwa na mtu mmoja anayepanda lori na kurudi, na sasa aliombwa amshonee huyo nguo ya kuzikiwa. Alilia, akakasirika, akalia tena.

Kisha akajiuliza swali la kifundi. Jean-Berchmans hufuata kila anachokiona mwilini mwa Kabagwira. Ni kitu gani ambacho, akikiona, hataweza kumpindulia lori?

Akakichukua kile kitambaa cheupe, akakikata vipande vidogo. Kila kipande kikawa mbeleko, na kila mbeleko ikambeba mtoto wa sponji mgongoni mwa Kabagwira. Mchukuzi alikuja kama kawaida, akalitupa gunia la wanasesere begani bila kuchungulia, akashuka nalo Nyabugogo.

Haikupita siku nyingi Rutayisire akaingia dukani amefura, mwanasesere mkononi, Jean-Berchmans nyuma yake akitazama viatu vyake mwenyewe.

"We mama! Mi nakuomba nguo ya maziko, unaniletea mutoto! Kule Nyabugogo hawaniachi nipite. Kila mutu anauliza, mutoto iko wa nani? Kabagwira amezaa lini? Na huyu hapa," akamnyooshea mchoraji kidole, "anasema hachori tena lori kupinduka. Anasema mama iko na mutoto mgongoni, mukono yake inakataa!"

Raihana alijua anaweza kupoteza kazi. Alijua pia kwamba Rutayisire anaweza kumwita mchoraji mwingine jioni hiyo hiyo, na lori likapinduka vilevile. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakamtoka kichwani.

"Patroni, arudi nyumbani tu," alisema. "Huyu mmoja, arudi."

Rutayisire alikaa kwenye kiti cha wateja, akamgeuza mwanasesere huku na huku, kisha akaifungua mbeleko kwa vidole vyake vinene vyenye wino.

"Mbona mutoto hana uso?"

"Amelala. Uso iko kwa mgongo ya mama yake."

Akamtazama mtoto kwa muda. Alijaribu kumfunga tena, fundo likamshinda, Raihana akamfungia.

"Iko kijana ama iko msichana?" Rutayisire aliuliza.

Jean-Berchmans aliinua macho kutoka kwenye viatu. Raihana naye alimkodolea macho mzee yule, akafurahi, maana hakuna anayeuliza hivyo kuhusu mtoto anayekusudia kumfanya yatima kesho.

"Msichana," alijibu upesi, ingawa hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo.