Bunduki ya Mwindaji Mashuhuri

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nimwonapo mtu akikipapia kitu cha thamani.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili wa historia, mpangaji katika mtaa wa Kianda, na Mzee Njoroge wa Kawangware alikuwa amekubali kunionyesha bunduki ya marisau ya mitutu miwili, iliyowahi kumilikiwa na mwindaji mashuhuri wa enzi za ukoloni. Baba yake ndiye aliyembebea mwindaji huyo silaha porini, akaachiwa hii; Mzee naye akaichukulia kibali.

Nilipoiona juu ya meza, moyo ulinidunda. Herufi za jina la mwindaji zilichongwa kwenye bamba la fedha, na juu ya kifyatulio walichorwa kanga wawili wakiruka, kila unyoya peke yake. Nilikuwa nimeyasoma maisha ya mtu yule kwa miaka. Sasa nilikaribia alama za vidole vyake, au (nilijisahihisha papo hapo) za wote waliomfuata.

Simu ya Mzee ikalia, akageuka. Nikaiinua, nikaiweka begani kama mwindaji pichani. Wakati uo huo Wafula, seremala wa mtaa wa Lindi aliyeitwa kutengeneza kitako cha bunduki kilichopasuka, akatokea mlangoni. Mitutu ikamwelekea kifuani.

"Prof," alisema polepole, "hii mbao nimeleta ni ya kitako. Si ya jeneza yangu."

Fimbo ya Mzee iliisukuma mitutu ikatazama dari. Akaichukua bunduki, akaikunja katikati ikafunguka; matundu yote mawili ya risasi yalikuwa matupu.

"Kumbe haina kitu," nikapumua.

"Ulijua ukiinua, ama umejua saa hii?" Mzee aliuliza.

Akanisogezea bunduki iliyokunjwa, nitazame ndani.

"Baba aliniambia bunduki haipewi mtu ikiwa imefungwa. Unaikunja kwanza, yeye aone, na wewe uone. Hii chuma haijui ilikuwa ya nani."

Wafula aliketi, akaomba chai.

Basi, mwanangu, tahadhari kabla ya hatari. Ukuu wa aliyekishika kitu kabla yako usikuzuie kuuliza kama ni salama, na kuuliza si ujinga. Ukiponea kwa bahati, usiiite bahati hiyo ujuzi, rudi ujifunze. Mimi nilijifunza kuikunja asubuhi ile ile, na furaha yake ilizidi ile ya kwanza. Mungu akujalie macho yanayoitangulia mikono, na akuzungushie watu wasioona haya kukukemea. Amina.