"Mimi" wa Kwenye Kaye

Mazuku hayana harufu, na huo ndio ubaya wake. Ni hewa ya sumu inayotoka ardhini huku kwetu Gisenyi na kutuama kwenye mashimo ya mawe meusi, hasa asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza. Mbuzi akiteremka kula majani, hapandi tena. Kwa hiyo nikikumbuka msimu ule wa mvua nilipokuwa na miaka tisa, ninachonusa ni pasi ya makaa ya dada yangu Saada, aliyekuwa akijifunza ushonaji. Akimaliza kupiga pasi aliandika hadithi kwenye kaye, daftari lake la zamani la shule. Ilihusu nchi iliyokatwa vipande viwili, watu wa mlimani na watu wa ziwani, wasiooana wala kusalimiana, na msichana wa ziwani aliyependana na askari wa mlimani huku akificha siri: mazuku yalimtii. Niliisoma mpaka macho yakaniuma, nikamlilia yule askari utadhani ni mchumba wangu mwenyewe. Saada alinicheka, lakini alifurahi.

Aliiandika kwa "mimi", msichana akijisimulia mwenyewe. Nami sikuwa na breki ya mdomo. Niliwatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba dada yangu anaita mazuku, na sikuwa natania. Niliamini kabisa.

Asubuhi moja Aline, binti wa miaka minne wa jirani yetu Mama Fiston, alimfuata mwanambuzi hadi kwenye shimo lililokuwa nyuma ya nyumba zetu. Walipomtoa alionekana kama amelala, kamba bado iko mkononi. Mama yake alilia hadi sauti ikamkauka. Kisha mtoto mmoja akasema yale niliyomsimulia, na kufumba na kufumbua uwanja wetu ukajaa watu wenye fimbo na mawe. Baba alikuwa amevuka mpaka kwenda Goma kwenye biashara zake. Mama alijaribu kuziba mlango, wakamsukuma akaanguka na kupasuka kichwa. Walipindua godoro, wakalipata kaye, na fundi baiskeli wa pale njiani akasoma kwa sauti: "Mimi ninayaita mazuku, nayo yananijia."

"Ule si mi!" Saada alipiga kelele. "Ni hadisi tu! Muulize mutoto!"

Fundi akanigeukia. "We, ii maandiko ni ya nani?"

"Ya Saada."

"Na mazuku, anaita kweli?"

Saada alinitazama moja kwa moja. Nilijua jibu alilolitaka, lakini niliogopa zile fimbo, na moyoni bado niliamini.

"Ndiyo," nikasema.

Walimpiga mpaka akaacha kujikinga. Jiwe lilimng'oa meno mawili. Halafu mwanamke mmoja niliyemwamkia kila siku akaichukua pasi, makaa yakiwa bado mekundu ndani yake, wengine wakambana Saada, na yule mwanamke akaigandamiza juu ya mkono wa kulia wa dada yangu. Ile harufu ndiyo ninayonusa hadi leo. Askari walifika wakafyatua risasi hewani, na watu wakatawanyika wakiacha viatu vyao uwanjani.

Siku hizi lile shimo limefukiwa, na mpakani nawaona wasichana wakiwa kwenye foleni wanasoma kwenye simu hadithi kama ile ile, mapenzi, falme zilizogawanyika, nguvu za siri, wakicheka bila woga. Nafurahi kwa ajili yao, na nawaonea wivu. Saada anauza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, huko Nyamyumba. Vidole vyake vitatu havikunjuki, na tangu siku ile hajaandika hata barua. Hatujawahi kuizungumzia.

Juma lililopita nilimpelekea kurasa hizi nikamsomea, huku yeye akichambua samaki wake kwa mkono wa kushoto.

"Uyu 'mimi' ni nani?" akauliza.

"Ni mi, dada. Safari hii ni mi kweli."

Akatupa samaki mmoja aliyeoza.

"Rudilia pale penye ulisema ndiyo," akasema. "Soma polepole."